Meza Iliyotoka Kituo cha Homugadi

Habari za kifo chake zilinifikia nikiwa buchani hapa Makutano, Meru, nikingoja kupimiwa nyama. Jamaa mmoja wa Kanja, tuliyefahamiana nilipokuwa mwalimu upande wa Embu, aliniambia kwamba yule mama wa meza amefariki na atazikwa Ijumaa. Sikuhitaji kuuliza ni mama yupi. Nilimwachia mwenye bucha nyama yake, maana hamu ya kula ilinitoka, na Ijumaa nikaenda kumzika. Niwaambie ukweli wasomaji wangu, nilirudi nimechukizwa. Kijana mmoja mwenye suti, aliyekabidhiwa kipaza sauti na ambaye hakuwa hata amezaliwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ilipopigana na Mau Mau, alitutangazia kwamba mama huyu aliyasahau yote yaliyopita na hakuwa na kinyongo na mtu. Waombolezaji wakasema amina. Mama huyo alikuwa na kinyongo, tena chenye sababu, na katika watu wote niliowajua miaka ile sikuona mwenye moyo safi kuliko wake.

Mumewe alikuwa seremala pale Karurumo. Walipooana alimtengenezea meza ya Meru oki, mti wenye mbao ngumu, nzito, ya miguu minene, iliyoungwa kwa ndimi za mbao zilizochomekwa kwenye matundu, bila msumari hata mmoja. Ndiyo iliyokuwa fahari ya nyumba yao. Kisha ikaja Hali ya Hatari. Mume alikamatwa siku ya soko, akapakiwa kwenye lori pamoja na wanaume wengine, akapelekwa kizuizini bila kushtakiwa kosa lolote. Hazikupita siku nyingi, sisi tuliobaki tukaamriwa kuacha mashamba na kuhamia kijiji kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha, na nyumba tulizoziacha zikatiwa moto. Kabla nyumba ya mama huyu haijachomwa, hedimani wetu, yaani mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa homugadi, wale askari mgambo wenyeji wa serikali, na tena jirani yake wa miaka mingi, aliwaamuru watu wake waitoe ile meza. Alimwambia mama huyo kwamba anaiokoa isiungue. Meza ikaokolewa, ikapelekwa kwenye kituo cha homugadi.

Huko ndiko nilikoizoea, kwa sababu mwalimu hakuweza kutoka kijijini bila pasi, karatasi ya ruhusa, na pasi iligongwa muhuri juu ya meza hiyo. Mbuzi walionyang'anywa wanakijiji walichinjwa nje, wakakatwakatwa hapo, na hakuna aliyejisumbua kuiosha. Damu ilikauka juu ya damu, mafuta yakaganda kwenye nyufa za panga, nzi wakatua wasifukuzwe. Mtu akiletwa kuhojiwa alisimamishwa mbele ya meza hiyo hiyo. Asubuhi moja nilimkuta mzee wa kanisa letu, mtu aliyenifundisha kusoma, ameinamishwa pale na shavu lake limekandamizwa kwenye yale mafuta huku homugadi wawili wakimpiga mgongoni. Hedimani alikuwa ameketi upande wa pili akiguguna mfupa. Alipomaliza kuuguguna aliuweka karibu na kichwa cha yule mzee, akajifuta vidole kwenye ukingo wa meza, akaniuliza nataka pasi ya kwenda wapi. Ukatili nilikuwa nimeuona kwingine. Kilichonitisha siku ile ni jinsi alivyokuwa ametulia, kama mtu aliye kwake anakula.

Baadaye kituo kililetewa dawati jipya la serikali, na meza ikatupwa nyuma, karibu na choo. Mama aliposikia hivyo alisema ataifuata. Wanawake wenzake walimsihi aiache. Kila mmoja alijua kwamba mfungwa wa kizuizini hakurudishwa mpaka hedimani wa kwao aulizwe kama yuko tayari kumpokea, na neno la mtu huyo lilitosha kumrudisha mtu nyumbani au kumfungia mwaka mwingine. Yeye alikwenda. Hedimani alimtazama, akacheka na watu wake, akamwambia aichukue tu, kwa maana yeye hata mbwa wake hawezi kumlisha juu ya kitu kile. Mimi na jirani yake mmoja tulimsaidia kuibeba. Ilinuka kiasi kwamba tulilazimika kuitua mara kwa mara ili tugeuze nyuso tupumue, na shati nililolivaa sikulivaa tena. Mama hakugeuza uso wake. Alibeba upande uliokuwa mchafu zaidi.

Wanawake wa kijiji walishindishwa kwenye kazi ya lazima ya kuchimba matuta, kwa hiyo alipata muda mfupi tu wa kuishughulikia, kati ya kurudi kutoka matutani na kengele ya kuingia ndani. Kwanza aliipaka uji mzito wa majivu ya jikoni ili unyonye mafuta, akaukwangua ulipokauka, akapaka mwingine. Yaliyobaki aliyaparuza kwa kipande cha chupa iliyovunjika, mpaka vidole vyake vikawa na michubuko kila upande. Randa ya mumewe alikuwa ameificha ndani ya gunia la mahindi, maana homugadi walichukua chombo chochote chenye makali. Aliitoa akapiga randa taratibu, akiwa hajawahi kuishika maishani ila kumpelekea mumewe alipoiitisha. Halafu akasugua kwa majani makavu yanayokwaruza kama msasa. Nta alikuwa ameipata kwa wanawake wa Mbeere wanaofuga nyuki. Aliiyeyusha, akaichanganya na mafuta ya mbarika, akaipakaza ikiwa bado na uvuguvugu, akaisugua kwa tambara siku baada ya siku. Jioni moja nilipita nikaona mbao imerudia rangi yake ya asali iliyokolea. Makovu ya panga yalikuwa bado yapo, lakini ukipitisha mkono hayakukukwaruza. Nilimwambia ni kazi nzuri. Alinijibu kwamba hakuwa akiitengeneza ipendeze. Alikuwa akiondoa mikono ya watu.

Sasa sikilizeni uchafu halisi. Hedimani alipata habari kwamba meza imekuwa nzuri, akaja mwenyewe kuiangalia. Wanawake walikuwa wanarudi kutoka matutani, nami nilikuwa nimesimama mlangoni kwa jirani, kwa hiyo tulisikia yote. Aliipapasa, akaisifu, akasema bwana D.O., Mzungu mtawala wa tarafa, anakuja kula kwake Jumapili na meza kama hii ndiyo inayofaa. Mama alimwambia ni ya mume wake.

"Mume wako anaweza kurudi upesi, na anaweza kukawia," hedimani alisema kwa upole, karibu kama baba. "Wakubwa wananiuliza mimi."

Mama alikuwa na tambara mkononi. Aliendelea kulikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ulinipa takataka, hedimani," alisema. "Takataka yako niliikwangua nikaitupa mtoni. Iliyobaki hapa ni meza ya mume wangu."

Angeweza kuibeba kwa nguvu. Lakini wakati ule serikali ilikuwa imeanza kuwakaripia homugadi kwa unyang'anyi, na wale wanawake walikuwa wamesimama na majembe yao wanamtazama. Akaondoka akitabasamu. Waume wengine waliokamatwa siku moja na yule seremala waliporudishwa, yeye hakuwamo.

Ndipo nilipowachukia watu wangu mwenyewe. Wale wale waliomwona akiparuza kwa chupa walianza kusema kwamba amependa mbao kuliko mume. Walisema kisimani, walisema kanisani. Hakuna aliyesema neno juu ya hedimani; yeye walimwamkia kwa kuinama. Mama alipungua mwili. Siku moja aliniita, akaniambia, "Mwalimu, sijui kama nilifanya vizuri. Nalia kila nikiipangusa."

Mume alirudi karibu na mwisho wa Hali ya Hatari, akiwa amekonda na mwenye kikohozi ambacho hakikumwacha kamwe. Nilikwenda kumsalimu. Watu walikuwa wamekwisha kumwambia, walikimbilia kumwambia kabla hajavua koti. Mkewe alisimama pembeni bila kujitetea. Mwanamume alipitisha kiganja juu ya meza yote, akafika kwenye kona moja, akasema hapo randa ilipigwa kinyume na nyuzi za mbao. Mkewe akakubali kwamba ndiyo. Mwanamume akasema, "Ungempa, ningerudi nile chakula changu wapi?" Akavuta kiti, akaomba chai. Hapo ndipo mama alipolia mbele yetu, nasi tukatoka tukawaachia nyumba yao.

Hedimani alizeeka kwa amani, akiwa na shamba kubwa na heshima zote. Hakuomba radhi, na mama hakumwamkia mpaka bwana huyo alipokufa. Nimeyafikiria mambo haya mara nyingi, hasa ninapomwona karani wa siku hizi akimfungia mzee hati ya shamba lake kwenye droo mpaka apewe kitu kidogo, au askari akimwachilia mtoto wa mtu kama anayemfadhili, na sisi tukimshukuru kwa mikono miwili. Meza ilikuwa ya mama huyu. Mume alikuwa wake. Yule bwana alivishikilia vyote viwili, akaja kumtaka abadilishe kimoja kwa kingine, na kijiji kizima kikaona kwamba mwanamke ndiye mkaidi. Nilichojifunza kwake ni hiki: mtu akikuahidi kilicho chako kama zawadi, muulize kwanza alikipata vipi, na umuulize watu wakisikia. Huenda ukalipia swali hilo kwa miaka. Yeye alilipia, na hakuwahi kuniambia kwamba ilikuwa rahisi.