Mteja Asiyepanda

Sijui kuendesha baiskeli. Jambo hili nimelikana kwa zaidi ya miaka thelathini: mara nyingi kwa kunyamaza pale ambapo kunyamaza kulitosha, mara chache kwa maneno, na mara moja kwa maandishi, kurasa sita, zilizochapishwa.

Kisa chenyewe kilianzia chuo kikuu, Dar es Salaam. Niliishi bweni moja na wasichana waliokulia mjini, ambao kila jioni walikuwa na la kusimulia. Mimi nilitoka Lusewa, na nilichokuwa nacho ni tumbaku. Siku moja nikawasimulia jinsi nilivyojifunza baiskeli ya baba nikiwa na miaka minane. Ilikuwa baiskeli kubwa nyeusi, bomba la juu likinifika kidevuni, hivyo nikapitisha mguu wa kulia chini ya bomba, mwili wote ukaning'inia upande mmoja, nikashuka nayo mteremko kutoka kwenye mabani ya kukaushia tumbaku hadi mtoni. Wakacheka, wakataka nirudie. Kila kitu katika kisa kile ni cha kweli isipokuwa mtu aliyekuwa juu ya baiskeli. Alikuwa mdogo wangu wa kike. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimekaa juu ya kichuguu na kitabu, na kazi yangu ilikuwa kuangalia kama baba anakuja.

Nilipoanza kuandika insha, kisa kile nacho kikawa insha, na hiyo ndiyo watu wanayoikumbuka kuliko zangu zote, labda kwa sababu ndiyo pekee ambayo ndani yake ninafanya kitu. Aliyeihariri alisema inaonekana wazi imeandikwa na mtu aliyewahi kuanguka. Nilimshukuru.

Muhula uliopita, katika kikao cha walimu wa chuo ninachofundisha kwa muda hapa Songea, mazungumzo yakafika kwenye bodaboda: nauli zimepanda, walimu wanachelewa. Nikasimama. Nina kasoro hiyo ya kusimama vikaoni. Nikasema mji huu hauna umbali wa kumshinda mtu mwenye baiskeli, na kwamba sisi tuliolelewa na baiskeli tunazionea haya bure. Mwalimu wa hisabati, ambaye meza yake inatazamana na yangu, akauliza kwa upole, “Na yako iko wapi, mama?” Nikajibu kwamba siku ya kufungua muhula nitafika nayo kutoka kwangu Msamala. Wakapiga makofi. Mkuu wa chuo akaagiza iandikwe kwenye muhtasari.

Nilibaki na wiki nne. Kama nisingefika na baiskeli siku hiyo, swali la kwanza lingekuwa kwa nini, na la pili lingehusu ile insha. Nililoliogopa ni la pili.

Mtu mwenye akili angejifunza kwanza, kisha akanunua. Lakini kujifunza kunataka uwanja, na Songea sijui uwanja usio na mzazi wa mwanafunzi wangu au mwanakwaya mwenzangu. Kununua kulionekana ni kazi ya kichwa, na kichwa ndicho kiungo nilichosomeshewa. Nikasoma siku tatu kwenye simu, nikahitimisha kwamba mtu wa mjini hahitaji gia. Gia ni vyuma vingi vinavyosuguana, na kimojawapo kikifa hapa, cha kubadilishia kiko Dar. Baiskeli ya mwendo mmoja, iliyokwisha kufungwa, ya bei ya mwalimu wa muda: hiyo ndiyo yangu.

Ila hizo zisizo na gia nazo ni za aina mbili. Ya kwanza tunaijua sote: ukiacha kupiga pedali, magurudumu yanaendelea na miguu inapumzika. Ya pili haina nafasi ya kupumzika. Gurudumu la nyuma na pedali ni kitu kimoja; gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, utake usitake. Hii ya pili ndiyo yenye vyuma vichache kuliko zote, nami nikaiwekea alama. Hoja yangu ilikuwa kwamba kitu chenye vipande vichache ni rahisi kwa anayeanza. Ni hoja ya mtu ambaye hajawahi kukalia siti.

Desturi ya wauzaji sikuwa nimeifikiria. Kwetu baiskeli hainunuliwi mpaka mnunuzi aizungushe. Muuzaji anakuonyesha mpaka, labda mfereji, labda kona, unakwenda, unarudi, unasema huna lalamiko mbele ya mtu wa tatu, ndipo anapokea pesa. Kesho ukirudi na lalamiko, anamwita yule mtu wa tatu. Hiyo ndiyo risiti.

Duka la kwanza lilikuwa karibu na soko. Mwenye duka alinitolea moja nyekundu.

“Shikamoo mama. Hii imefungwa asubuhi hii. Haijaguswa na kitako cha mtu.”

“Marahaba. Naiona.”

“Basi izungushe mpaka mfereji ule.”

Dakika chache kabla nilikuwa nimemwona mnunuzi mwingine akiinua gurudumu la nyuma na kulizungusha huku ameinamisha kichwa. Nikafanya hivyo. Gurudumu likazunguka, likatoa sauti ambayo sikujua maana yake. Nikaliacha lisimame lenyewe. Nikasema, “Hapana,” nikaondoka.

Nyuma yangu nikamsikia mtu akiuliza, “Ameona nini?”

“Kaona rimu,” mwenye duka alisema. “Hata mimi nilijua ile rimu ina shida.”

Kwa muuzaji wa pili, wa baiskeli za mtumba, nilisema hapana kwa mbili. Kwa wa tatu sikusema kitu. Nilibonyeza tairi kwa kidole gumba, nikatikisa kichwa, naye akapunguza bei mara mbili kabla sijafika barabarani. Wiki ya pili ilipoisha nilikuwa nimekataa baiskeli tisa bila kukalia hata moja, na habari zangu zilikuwa zikinitangulia. Nikiingia mahali, nilikuta nyingine zinasukumwa nyuma ya pazia. Fundi mmoja, mtu mzima mwenye mvi, aliniomba nimsikilizie gurudumu la mteja wake. Nililisikiliza. Nikamwambia alitazame tena, jambo ambalo halikuwa uongo.

Halafu mwalimu wa hisabati naye akataka baiskeli.

“Mama, twende wote,” alisema. “Mimi nitaongea, wewe nyamaza tu.”

Nikanyamaza. Muuzaji alinitazama mara tatu, kila mara akirudisha baiskeli aliyoitoa na kuleta nyingine, na ile ya nne mwalimu akainunua. Inamfaa mpaka leo. Ofisini aliwaambia wenzetu, “Huyu mama haangalii rangi. Anasikiliza.” Nikaomba wasitie chumvi. Kusema kweli nilifurahi kidogo. Ni mara chache woga wa mtu unapewa heshima ya taaluma.

Zikabaki siku sita muhula ufunguliwe, na wauzaji wakabaki mmoja. Alikuwa Msamala hukohuko ninakoishi, mwanamume wa miaka arobaini hivi, aliyerudi kutoka Dar na shehena ya baiskeli za mwendo mmoja zilizokwisha kufungwa. Alizitundika ukutani katika chumba kilichokuwa saluni. Vioo vya saluni havijaondolewa, kwa hiyo kila baiskeli unaiona mbili, na wewe mwenyewe unajiona kutoka pande usizozipenda.

“Shikamoo mwalimu. Nilisema utaishia kwangu tu.”

“Marahaba. Ulisemea wapi?”

“Kijiweni. Wenzangu walidai unatafuta baiskeli ambayo haijatengenezwa bado.”

Alishusha mbili. Moja ilikuwa ya kijani, bomba lake limeinama, matairi manene, keria nyuma. Katekista yeyote angeipanda kwenda kigangoni. Nyingine ilikuwa ya kijivu, nyembamba, haina keria, haina kitu.

“Hii ya kijivu haina cha kuharibika,” alisema. “Lakini haina kupumzika. Wengi wanaiogopa. Wewe hutaiogopa.”

Nikainua gurudumu la nyuma, nikalizungusha. Pedali zikazunguka nalo, polepole, kana kwamba kuna mtu anazikanyaga. Niliiona nzuri sana. Bei yake niliiweza. Nikasema, “Hii.”

Mlangoni palikuwa na watu watano au sita, na nikasikia wakiguna. Katika wiki zote zile nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo.

“Nilijua,” muuzaji alisema, akaitoa nje, akaisimamisha ikitazama chini ya barabara. “Haya, mwalimu. Mpaka mashine ya kusaga na kurudi. Shahidi wetu ni huyu mama wa maandazi.”

“Mimi nipo,” mama wa maandazi alisema kutoka kwenye karai lake. “Aende tu nimwone. Nasikia ni fundi.”

“Taratibu na vumbi, mwalimu, unga wa watu upo pale,” mwingine akaongeza, wakacheka.

Kutoka dukani hadi mashine ya kusaga ni mteremko mtupu. Nikatafuta kasoro. Nilishatumia rimu, tairi, cheni, spoki na siti, kwa wauzaji tofauti, na baiskeli ile nilikuwa nimeisifu mbele ya watu dakika moja tu kabla. Nikasema lazima nipige simu kwanza, nikarudi ndani, kwenye vioo.

Nilimpigia mdogo wangu. Yuko Lusewa, analima tumbaku na mahindi palepale alipolima baba. Habari ya ile insha sikuwahi kumwambia, na yeye hakuwahi kuitaja. Nilitaka awe na dharura yoyote ya kuniondoa pale. Nilitumaini japo homa ndogo.

“Dada. Mbona saa hizi? Niko kwenye bani, moshi umenijaa machoni.”

“Hamjambo huko?”

“Hatujambo kabisa. Kuna nini?”

“Niko dukani. Nachagua baiskeli.”

“Ya nani?”

“Yangu.”

 Nikasikia akiweka chini kitu kizito.

“Ikoje?”

“Nyepesi. Haina gia. Haina mambo mengi.”

“Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali kinyumenyume.”

“Nimeshazungusha. Gurudumu linarudi nazo.”

“Irudishe ukutani. Ukiwa mteremkoni, pedali hizo zitakupiga miguu mpaka uanguke. Hiyo ni ya mtu anayejua. Hawana nyingine?”

“Ipo ya kijani. Imeinama katikati.”

“Ukiikalia, miguu yote miwili inafika chini?”

“Sijaikalia.”

“Ulianza kutafuta lini?”

“Hii ni wiki ya nne.”

“Na hujakalia hata moja.”

“Anayejua anaweza kuchagua bila kukalia,” nikasema.

“Dada,” alisema, “unaongea na mimi.”

Nje mtu aliuliza kama mwalimu amelala. Kwenye kioo niliona mama wa makamo ameshika simu kwa mikono miwili.

“Ile insha niliisoma,” mdogo wangu alisema. “Binti yangu aliikuta kwenye simu, tukaisoma wote.”

“Lini?”

“Zamani. Umeandika vizuri. Mteremko umeupatia, hata matope ya pale chini.”

“Mbona hukusema kitu?”

“Ningesema nini? Wewe ulikuwa na vitabu, mimi nilikuwa na baiskeli. Nikaona umechukua na baiskeli.”

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekumbusha mvua za mwaka ule zilianza lini. Miaka yote niliyoogopa kuumbuliwa, niliwaogopa walimu, wasomaji, aliyehariri. Yeye nilimhesabu kuwa ni shahidi aliye mbali. Kwamba kisa kile kilikuwa kitu chake, sikuwa nimekaa nikalifikiria.

“Nisamehe,” nikasema.

“Sikusikia, kuni zinalia.”

“Nisamehe, mdogo wangu.”

“Haya. Nipe huyo muuzaji.”

“Wa nini?”

“Nipe.”

Nikamwita, nikampa simu. Akaipokea akijifuta mkono kwenye suruali, akaamkia. Mwanzoni alikuwa akijibu kwa sauti ya biashara: breki ni nzuri, mama, tairi mpya, mama, hapana, hiyo bei ni ya mwisho, basi, kwa ajili yako, itashuka. Kisha akasikiliza kwa muda mrefu. Akanitazama, akageukia ukuta, akashusha sauti, lakini chumba kile ni kidogo.

“Hajui kabisa?” aliuliza.

Mama wa maandazi alikuwa amefika mlangoni na mwiko wake. Hakuna aliyecheka. Nadhani walikuwa wanapiga hesabu ya rimu zote zile.

“Jumamosi,” muuzaji alisema. “Sawa, mama. Nimekuelewa. Nitamwambia.”

Akanirudishia simu, ilikuwa imeshakatwa. Akaiingiza ya kijivu ndani, akaitundika, akaisukuma ya kijani hadi mlangoni na kunishikisha usukani.

“Amesema nikuuzie hii,” alisema, “uisukume kwa mkono mpaka nyumbani. Na usiipande mpaka afike.”