Bwana Saa Alikuwa Akinisubiri

Usiku ule alipokuja Bakari, aliyekufa miaka mingi iliyopita, alinikuta bado nina neno moja mdomoni, neno nililolisema tukiwa vijana na ambalo leo ningelitema kama ningeweza: sawa. Ndilo nililomjibu mtayarishaji wa vipindi siku aliponiita ofisini kwake. Alifunga mlango, akaniambia watu wanacheka kwa ajili yangu, mwenzangu Bakari amesimama tu, kwa hiyo kuanzia msimu ujao kipindi chetu cha vichekesho kitakuwa changu peke yangu. Hakunilazimisha. Aliniuliza kama mtu anavyomwuliza mgeni kama ataongeza chai. Nikasema sawa.

Lazima nieleze kidogo kabla sijaingia kwenye ndoto, maana wengi waliotujua wamekwenda. Mimi na Bakari tulikuwa makarani wa reli Nairobi. Katika ukumbi wa burudani wa wafanyakazi kulikuwa na televisheni moja, ya picha nyeusi na nyeupe, iliyofungiwa ndani ya kabati la mbao. Jumamosi jioni mlinzi wa ukumbi alikuja na ufunguo, nasi tukabanana kwenye mabenchi kutazama maonyesho yaliyoletwa kutoka Uingereza. Walitangulia wasichana wa kucheza dansi, akaja mwimbaji mwenye tai ya kipepeo, akaja mtu wa mazingaombwe, kisha taa zikapungua na wanaume wawili wakatokea mbele ya pazia. Hao wawili ndio tuliowangojea wiki nzima. Mmoja mjinga, mmoja mwenye akili zake. Mjinga anavuruga kila kitu, mwenzake anamtazama tu. Kiingereza chao hatukukipata chote, walikuwa wakiyameza maneno, lakini tulicheka mpaka tukashikana mabega. Watu wote walimkodolea macho yule mjinga. Bakari alinigonga kwa kiwiko.

"Mtazame huyu asiyecheka," alisema. "Huyu akicheka, kazi yote imeharibika."

Tukaanza kuigiza wenyewe kwenye sherehe za reli, hata tukachukuliwa studio ya televisheni. Bakari akawa Bwana Saa, mkuu wa stesheni mwenye koti la vifungo vya shaba. Mimi nikawa Chelewa, abiria ambaye kila wiki treni imemwacha. Nilikuwa nikiingia mbio na godoro kichwani.

"Treni imeondoka?"

"Imeondoka."

"Zamani?"

"Saa nzima."

"Basi haijafika mbali. Ipigie simu irudi. Iambie ni mimi."

Hapo Bakari hakusema kitu. Alivua kofia, akaipangusa kwa kiwiko cha koti, akanitazama, akaivaa tena. Niliposema maneno yangu watu walikuwa kimya. Kicheko kilikuja yeye alipokuwa akipangusa kofia. Nililiona jambo hilo kila wiki, na bado nikaamini kwamba kicheko ni mali ya yule aliyesema mwisho.

Ndoto ilianzia pale pale ukumbini. Nilikuwa nimeketi benchi la mbele. Kabati lilikuwa wazi, televisheni ikiwaka, na wale Waingereza wawili walikuwa mbele ya pazia lao wakichezesha midomo bila sauti. Nyuma yangu ukumbi ulikuwa umejaa. Nilisikia pumzi za watu shingoni. Hakuna aliyecheka. Niligeuka taratibu, nikaona hawaitazami televisheni. Wananitazama mimi.

Bakari alikuwa kando yangu. Amevaa koti la stesheni, vifungo vimesuguliwa, kofia juu ya goti. Nilijua amekufa. Nilijua pia kwamba ni utovu wa adabu kumtajia mtu jambo kama hilo usoni, kwa hiyo nikamsalimu.

"Hujambo, Bakari."

"Sijambo. Umenenepa."

"Ni uzee, bwana."

"Uzee haunenepeshi mtu. Wewe umekula na fungu langu."

Alisema hivyo bila kutabasamu, kama alivyokuwa akisema kila kitu, na mimi sikujua kama nicheke. Kwenye televisheni wale wawili wakaacha kuzungumza. Wakasogea, mmoja kulia, mmoja kushoto, wakaacha nafasi katikati, kama watu wanaompisha mtu mlangoni.

Sasa niko kwenye korido ya studio. Sikumbuki kuinuka. Godoro liko kichwani, zito kuliko lilivyokuwa zamani, limelowa. Mwanamke mwenye visikizi masikioni anapita mbio, anasema tukae tayari, taa ikiwaka hakuna kurudi nyuma. Taa yenyewe iko juu ya mlango wa studio, nyekundu, bado imezimwa. Bakari ananipaka poda usoni. Mkono wake ni baridi kama sahani iliyooshwa sasa hivi.

"Tulia. Unatoka jasho, poda inashuka."

"Leo tunafanya ipi?"

"Ile ya treni."

"Nimeisahau."

"Mimi ninayo. Nitauliza, utajibu."

Mwisho wa korido mlango wa ofisi umefunguka. Naujua mlango ule. Ndani ameketi mtayarishaji, kikombe mkononi, ananiita kwa kidole. Ninaelewa nimepewa nini: ile siku imerudishwa. Miaka yote hii nimeiomba. Ninachotakiwa ni kufika pale, kusema hapana, na kurudi kabla taa haijawaka. Nalifanyia mazoezi njiani. Hapana. Hapana, bwana. Kila hatua ninayopiga korido inarefuka, na nyuma yangu nasikia watu wakiingia studio, viti vikikwaruza sakafu, watoto wa shule wakinyamazishwa.

"Huyu mwenzako," mtayarishaji ananiuliza, "hasa ana kazi gani?"

Nageuka. Bakari amesimama mbali, sasa yeye ndiye aliyelishika godoro langu, amelikumbatia kama mtu anayemshikia mwingine mtoto. Nafungua mdomo niseme hapana.

"Ipigie simu irudi," nasema. "Iambie ni mimi."

Mtayarishaji anacheka. Najaribu tena, natafuta ile herufi ya kwanza, naikaza midomo, na yanatoka maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya Chelewa. Anacheka zaidi. Kuta zinacheka. Wale watu wa mabenchi wako nyuma ya kuta, wanapiga mapaja, na kadiri ninavyopigania lile neno ndivyo wanavyocheka, mpaka sisikii hata sauti yangu. Napiga meza kwa ngumi. Wanapiga makofi. Chai inamwagika, hakuna anayeifuta.

Taa nyekundu ikawaka.

Kimya. Tuko mbele ya pazia, mimi na yeye, mwanga mkali machoni. Siwaoni watu ila najua wapo. Kamera imetukaribia kama ng'ombe anayetaka kunusa. Nangoja Bakari aulize habari za treni. Anarekebisha koti lake, ananigeukia.

"Umewaambia nini?"

Si swali la kwenye mchezo. Ndilo swali aliloniuliza siku yenyewe, nilipotoka ofisini nikamkuta koridoni akinisubiri twende pamoja. Siku ile sikumjibu. Nilimpiga begani, nikasema, "Nimewaambia hakuna anayepangusa kofia kama wewe," nikacheka, nikatangulia kutoka. Habari alizipata kwa watu wa studio. Hakuniuliza tena. Alirudi kwenye meza yake ya reli, baadaye akahamia Mombasa, na akanyamaza. Ule unyamavu nikauita hasira. Hasira ilinifaa, kwa sababu mtu aliyekukasirikia huna haja ya kumtembelea. Watu waliponiuliza njiani, "Bwana Saa yuko wapi siku hizi?" niliwaambia, "Ameniacha. Alichoka na michezo." Nililisema hilo hata nikajifunza kulisikitikia. Niliwahi kulisema nikatokwa na machozi.

Sasa, mbele ya pazia, Bakari anavua kofia.

Anaipangusa kwa kiwiko cha koti, polepole, kuzunguka ukingo wote. Ananitazama. Najua, kama mtu anavyojua mambo ndotoni bila kuambiwa, kwamba akiivaa kabla sijajibu ataondoka, na safari hii hatarudi hata usingizini. Ulimi wangu umekuwa mzito kama lile godoro. Naogopa nikifungua mdomo atatoka Chelewa. Ukingo wa kofia umebaki kidogo. Namtazama usoni, nitafute ile hasira niliyoishi nayo miaka yote, na siioni. Mtu aliyekasirika hapangusi kofia hivyo. Uso ule niliufahamu vizuri. Ndio uso wa Bwana Saa akimngojea mwenzake amalize, ili watu wapate kucheka.

Anainua kofia.

"Niliwaambia sawa," nikasema. Ilikuwa sauti yangu, ya uzee, yenye kikohozi. "Waliniuliza kama nitakwenda bila wewe. Nikasema sawa. Hakuna aliyenilazimisha."

Hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyekohoa.

"Na watu umewaambia nini?"

"Kwamba uliniacha."

Akabaki ameishika kofia hewani.

"Sikukuacha," alisema. "Nilikuuliza swali, nikakaa kungoja jibu. Kuchelewa nimekuzoea. Nilidhani utafika."

Nikataka kumwomba radhi. Akatikisa kichwa kidogo, kama alivyokuwa akinionya kwenye mazoezi nilipotaka kuongeza maneno yasiyohitajika.

"Waambie," alisema. "Basi."

Akavaa kofia. Mwanga ukaanza kupungua kuanzia pembeni. Nilinyoosha mkono nikakamata mkono wa koti lake, kitambaa kigumu cha sufu kilichokuwa kikituwasha wote wawili wakati wa joto, nikakaza vidole. Nilipoitazama mikono yangu nilikuwa nimekamata blanketi.

Nilikuwa kitandani kwangu, nyumbani kwa mwanangu hapa Voi. Dirisha lilikuwa limeanza kuwa jeupe. Mkwe wangu alikuwa mlangoni, kanga mabegani.

"Baba, unazungumza na nani?"

"Na Bakari."

"Yule mwenzio wa kwenye televisheni? Yule aliyekuacha?"

Hata huyu, aliyeingia kwenye ukoo huu juzijuzi, nilikuwa nimeshamlisha uongo ule. Nikamwomba aketi. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akidhani naumwa, akanishika paji la uso.

"Sina homa, mama. Hakuniacha. Mimi ndiye niliyemwacha, na nikamsingizia."

"Kwa nini, Baba?"

"Walinisifu. Nikataka jina langu libaki peke yake kwenye kioo cha televisheni."

Hakunilaumu wala hakunifariji. Akauliza, "Ana watoto?"

Nikasema anao, Mombasa, na sijui sura zao.

"Basi nao waliambiwa hivyo hivyo, au waliambiwa kweli," alisema, akainuka kwenda kuwasha jiko. Asubuhi ile nilimwambia mwanangu. Sasa naandika, ili iwafikie na wengine niliowapotosha, na hao watoto wa Bakari popote walipo. Baba yenu hakuchoka na michezo. Hakumwacha mtu. Aliulizia haki yake kwa maneno mawili tu, na mimi nikamfanyia mzaha.

Kipindi changu cha peke yangu hakikudumu. Walinisimamishia mlango wa stesheni wa mbao, nikaingia mbio, nikasema maneno yale yale yaliyokuwa yakiwavunja watu mbavu, na hapakuwa na Bwana Saa wa kunitazama. Watu walingoja niendelee. Mtayarishaji aliniambia niseme kwa sauti zaidi. Nilisema kwa sauti zaidi. Kabla mvua za vuli hazijaanza walikiondoa, na sikuwahi kurudi studio. Hilo nilistahili, wala silihesabu kuwa hasara.

Hasara ilikuja siku niliposikia matangazo ya vifo redioni nikiwa nakunywa chai. Lilisomwa jina la Bakari. Tangazo lilisema alikuwa mume wa nani na baba wa nani, na kwamba ameshazikwa, hitima itasomwa Ijumaa. Kisha msomaji akasema, kama ilivyo desturi, alikuwa rafiki wa fulani na fulani. Alitajwa kinyozi wake. Akatajwa jirani yake, muuza makaa. Niliweka kikombe chini nikasubiri. Msomaji akaingia kwenye tangazo la marehemu mwingine.

Nilikuwa na rafiki mmoja maishani. Kwa sababu nilisema sawa, alikufa bila mimi, akazikwa bila mimi, na watu wake hawakujua kwamba nilipaswa kuambiwa.