Yule wa Gambuti Ukutani

Chini ya nyumba ninamoishi hapa Makutano kuna bucha, na kila jioni mwenye bucha huweka mbavu za mbuzi motoni. Harufu ya mafuta yanayodondokea makaa hupanda ngazi bila hodi na kunikuta nikisahihisha insha za wanafunzi wangu. Wapangaji wenzangu wakiisikia humeza mate. Mimi huweka kalamu chini, kwa maana hunirudisha kwetu, upande wa Karurumo, jioni ile Guka alipochinja mbuzi na baba yangu akakataa kuingia ndani.

Guka ndiye babu yangu, mzazi wa Baba. Alikuwa na wana wawili, na Baba ndiye mkubwa. Yule mdogo aliomba sehemu yake ya shamba, ile nzuri ya chini karibu na mto, akaiuza na kwenda mji wa Maua kufanya biashara ya miraa. Tulisikia kwamba ana pikapu, kisha tukasikia kwamba hana, kisha kwa miaka mingi hatukusikia lolote. Baba akabaki na kahawa, ng'ombe, na mzee aliyekuwa ameanza kusumbuliwa na kifua. Nyumba yetu na ya Guka zilitazamana, na kila jioni baada ya kukama Baba alivuka ua, akaingia kwa baba yake, wakanywa uji na kusimuliana habari za siku. Mara nyingi habari zenyewe zilikuwa zile zile za jana.

Siku Baba Mdogo aliporudi, mimi na Baba tulikuwa kiwandani tukipeleka kahawa. Ulikuwa msimu wa mavuno na foleni ilifika hadi barabarani, kwa hiyo tulitoka huko jua likizama. Tulipokaribia nyumbani tulinusa nyama kabla hatujasikia vicheko. Majirani walikuwa wamejaa kwa Guka, wengine tayari wanachokoa meno. Mama alikuja mbio kutuambia ni nani aliyekuja. Baba akasimama uani, gambuti zake, vile viatu virefu vya mpira vya shambani, zimeganda matope, magunia matupu begani.

Guka aliita kutoka ndani, "Ingia, ndugu yako amerudi."

Baba akasema ana ng'ombe wa kukama. Akaenda kumkama ng'ombe ambaye Mama alikuwa amekwisha kumkama.

Tangu siku hiyo hakuvuka kizingiti cha baba yake. Si kwamba alimtupa. Kuni alipasua, dawa alinunua, maziwa alipeleka, lakini vyote aliviacha mlangoni. Guka akisikia gambuti zikikaribia aliuliza, "Ni wewe?" Baba alijibu, "Maziwa yako hapa." Basi, yakaishia hapo. Niliyasikia maneno hayo kila jioni nikiwa jikoni. Kifua cha Guka kilizidi kuwa kibaya, nami niliogopa kwamba angekufa wakiwa bado wanazungumzia mlangoni.

Ni lazima niwaambie jambo jingine. Jina langu Wawira ni la nyanya yangu, mama yake Baba, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu huchukua na nafasi yake, kwa hiyo Baba hakuniita Wawira hata siku moja. Aliniita Maitu, yaani mama yangu. Baba Mdogo naye, aliyeniacha nikiwa mchanga, alinishika mikono yote miwili siku aliyorudi, akaniita Maitu, akalia. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nina wana wawili wazee. Niliona ni mzaha mtamu. Nilizoea kumwambia Baba, "Mwanangu, ninunulie mandazi," naye alininunulia.

Muhula ule mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, alitutembeza darasa zima hadi kanisani kutazama picha ya ukutani. Ilichorwa na fundi aliyekuwa akichora mabango ya bucha, na ilionekana wazi. Ilionyesha ule mfano wa baba mwenye wana wawili: mdogo ametapanya mali na kurudi, anafanyiwa karamu, mkubwa amekasirika na kubaki nje. Ndama wa karamu alikuwa ndugu pacha wa ng'ombe wa bango la bucha ya sokoni, na wageni walivaa koti na tai kama wazee wetu wa kanisa siku ya harambee. Mwana mkubwa alisimama pembeni kando ya migomba, jembe begani, gambuti miguuni. Nadhani fundi hakuwahi kuona mtu akitoka shambani bila gambuti. Darasa lilicheka. Mimi nilibaki nikizitazama gambuti zile.

Mwalimu alitupa kanuni zake. Taja unachokiona, eleza maana yake, toa funzo. Usitoke nje ya matini. Kisichoandikwa wala kuchorwa hakipo, alisema, na anayekiongeza anajitungia hadithi yake. Kisha akatuambia tuandike insha juu ya tabia za wahusika wa picha ile.

Wenzangu wote waliandika kwamba mwana mkubwa alikuwa na wivu. Mimi niliandika kwamba amechoka. Ushahidi nilikuwa nao: karamu imeshika kasi, nyama imeshaliwa, naye bado ana jembe begani na matope miguuni. Nikaandika kwamba walimtafuta mpiga ngoma, wakawatafuta majirani, lakini hakuna aliyemwendea shambani kumwambia. Aliambiwa na harufu ya nyama. Niliandika hadi mkono ukauma.

Mwalimu alinirudishia insha ikiwa na alama sita kati ya ishirini. Alinisimamisha mbele ya darasa.

"Wawira, nani alikuambia huyu amechoka? Hapa tunauliza tabia, na jibu ni wivu. Stori za kwenu ziache kwenu."

Walicheka tena, kwa sababu kijiji kilijua. Niliona aibu na hasira kwa pamoja, na hasira ile sijaimaliza. Kanuni ilikuwa kwamba aliyeanguka apeleke insha nyumbani itiwe sahihi na mzazi.

Nilimpa Baba jioni, baada ya kukama, akiwa amekaa kwenye kigogo nje ya jikoni. Alisoma Kiswahili polepole, midomo ikitembea. Nilisubiri kugombezwa kwa zile alama sita. Alipofika pale nilipoandika kwamba hakuna aliyemwendea, aliacha kusoma, akatazama gambuti zake, kisha akarudia mstari ule kwa sauti. Akatia sahihi. Lakini hakunirudishia karatasi.

"Na mwisho wake?" akauliza. "Aliingia?"

Nikamwambia Maandiko hayasemi. Baba yake alitoka kumbembeleza, na hadithi ikaishia hapo.

Baba alitazama ng'ambo ya ua. Mlango wa Guka ulikuwa wazi, taa imewashwa, na tulisikia akikohoa.

"Na wewe, Maitu, unasemaje? Aingie?"

Nilikuwa nimetoka kuaibishwa kwa kuongeza yasiyoandikwa, na nilitaka sana kuonyesha kwamba nimejifunza. Nikamjibu kwa ufasaha wote niliokuwa nao kwamba mhakiki hana ruhusa ya kutoka nje ya matini.

Baba akatikisa kichwa taratibu, akanipa karatasi yangu. Akachukua chombo cha maziwa, akavuka ua, akakiweka mlangoni. Nikamsikia Guka akiuliza, "Ni wewe?" Nikasikia jibu lile lile.

Guka alifariki kabla ya mavuno mengine. Siku Baba alipoingia tena katika nyumba ile, aliingia na wanaume wenzake, ndugu yake akiwa upande wa pili, kuutoa mwili. Alivua gambuti mlangoni. Sikumwona akilia, ila alichukua muda mrefu kuzivaa tena.

Leo ni mimi ninayetoa alama. Nimewahi kumpa mtoto sita, na nimewahi kusema usitoke nje ya matini, kwa sababu ni kanuni nzuri na bila hiyo mtu ataandika lolote. Lakini harufu ya bucha ikipanda, namwona Baba kwenye kigogo, karatasi mkononi. Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba hakuwa akiniuliza habari za picha. Hakuwa hata akimuuliza mwanafunzi. Alikuwa amemuuliza mama yake kama aingie, na alingoja nimwambie ndiyo.