Tuzo ya Maziwa ya Kibuyu

Kamati ya watu wa suti na tai ilinipa tuzo ya kazi ya maisha yote, kwa kutangaza vyakula vya Kimaasai. Mimi, mzaliwa wa Nyeri, niliyekuzwa kwa githeri, mahindi na maharagwe yetu ya Kikuyu. Msichana wao aliponipigia simu nilidhani ni wale matapeli wetu wa kila siku, nikamwambia atafute kazi ya heshima. Maskini, akapiga tena.

Hoteli yangu iko Kitengela na inajulikana kwa maziwa lala ya kibuyu. Watu hutoka hata Rongai kuja kuyanywa, na kila anayemaliza kikombe huniambia yamemkumbusha nyanya yake, hata yule ambaye nyanya yake hakuwahi kufuga kuku. Mtu mmoja tu hajawahi kuyaonja, na ndiye niliyemtaka kuliko wateja wote: mama mkwe wangu.

Kosa ni langu. Mwezi wa kwanza wa ndoa, kule kwao Ewuaso Kedong, aliniachia vibuyu vyake vitatu nivisafishe. Kibuyu cha maziwa husuguliwa ndani kwa kijinga cha mzeituni mwitu mpaka kishike harufu ya moshi. Nani angeniambia? Nilitaka kuonyesha kwamba kwetu nimefunzwa usafi, basi nikavitia sabuni ya unga, nikavianika juani. Yeyo, ndivyo Wamaasai wanavyomwita mama, alinusa cha kwanza, akanusa cha pili. Cha tatu hakujisumbua. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Kesho yake alianza kunifunza, mti gani, moto gani, taratibu, mpaka nikaiva. Lakini kwa miaka thelathini, kila nikimpelekea maziwa yangu, anasema ameshiba, nimwekee chai.

Siku ya tuzo, huko Kajiado, walimkalisha mstari wa mbele, ati ni chimbuko. Maziwa yangu yaligawiwa kwa gilasi za plastiki, kwa sababu afisa wa afya hakuamini vibuyu vinavyotuzwa. Mimi nimesimama jukwaani, mheshimiwa ananisifu kwa ladha asilia isiyo na doa, na macho yangu yako kwa yule mama tu. Aliishika gilasi yake muda mrefu. Kisha akainywa. Yote, akapangusa midomo kwa ncha ya shuka.

Nililia bila aibu. Watu wakapiga makofi, wakidhani nalilia kile kipande cha kioo walichonipa kama tuzo.

Niliposhuka nilimwinamishia kichwa, akanigusa utosini kama kawaida. Nikashindwa kungoja tufike nyumbani. Nikamwuliza, "Yeyo, umeyaonaje?"

Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayetafuta njia ya upole.

"Mtoto wangu, tangu ile homa ya mwaka jana, pua yangu imekufa. Chai, uji, maji, yote ni moja. Nikasema basi, sasa naweza kunywa yako."

Uchungu ulinishika, wallahi, na kicheko kikawa hapo hapo kinasukumana nao. Yeye alininyooshea gilasi nimwongezee.