Ndimu zangu za kwenye ndoo zilipukutisha majani yote kwa baridi ya Joburg, nilivyozipigania

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa. Nisipokuwa na uhakika nitasema sina.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimepanga chumba La Rochelle, kusini mwa Joburg. Shule yangu iliishia la saba, kwa hiyo msinibane sana kwenye sayansi.

Nina ndimu mbili kwenye ndoo za rangi. Nilizipanda kwa mbegu, baada ya kupata ndimu zenye harufu ya nyumbani kwenye duka moja la Msomali, Mayfair. Zimechukua miaka kunifika kifuani.

Baridi ya mwaka huu ilipoingia, majani yakawa njano, yakaanza kudondoka. Mwisho vikabaki vijiti.

Hapo ndipo mwenye nyumba, tunamwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, akasema anataka ile sehemu ya ua zilipokaa ndoo kwa kamba ya kuanikia nguo. Jacaranda, ile miti ya mtaani ya maua ya zambarau, zikichanua mwezi wa kumi na vijiti bado ni vijiti, ndoo zitoke. Tuwe wakweli, ua ni wake, na alishanivumilia sana.

Nikasema hazifi.

Kwetu mti ukidondosha majani, unajua una kiu. Basi kila jioni nikirudi job nazimwagia maji mpaka yanatoka chini. Usiku barafu inashuka juu yake. Nilijiona muuguzi kabisa.

Jirani yangu Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu, aliniangalia siku kadhaa, kisha akashindwa kunyamaza.

"Weye mutu ya bahari, kila ugonjwa unatibu na mayi. Hii miti haiko na kiu, iko na baridi."

Iliniuma, sifichi. Lakini nikazamisha kidole kwenye udongo. Tope tupu, linanuka kama mtaro.

Nikakwaruza gome kwa kucha. Mti mmoja kijani chini yake. Wa pili kahawia, nikaenda chini zaidi, kahawia.

Nikaanza upya. Nikatoboa ndoo matundu zaidi. Nikazitoa kwenye sakafu ya saruji, nikaziweka juu ya mbao, kwenye ukuta unaopigwa na jua mchana. Nikazivika magunia. Maji nikawa nazipa mchana tu, yaliyokaa juani, tena udongo ukikauka kidole kizima. Mbolea sikutia, maana mgonjwa asiyemeza humlazimishi pilau.

Mama Furaha alitaka nikate matawi yote. Nilikataa. Si kwamba nilijua, niliogopa tu. La maji alipatia yeye, hilo la kukata sijui nani alikuwa sahihi.

Upepo wa mwezi wa nane ukapita, hakuna hata chipukizi. Wapangaji wenzangu wakawa wananiita mkulima wa kuni. Kuna siku nilijiona mjinga, ila kidole kiliendelea kuzama udongoni.

Jacaranda zilipoanza kuchanua, Gogo akatoka na kamba mkononi. Mti wa kwanza ulikuwa na machipukizi kila fundo, mekundu-mekundu, laini. Wa pili, hakuna kitu.

Ningeweza kumwomba muda kwa ule wa pili. Nikaona si haki. Nikamwambia huu umekufa, nikauburuta mwenyewe hadi getini.

Gogo akashika jani moja jipya, akalinusa. Akasema kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba kamba inaweza kupinda. Tukaifunga pamoja, ikazunguka ndimu.

Nilichojifunza, wakuu: mti wa kwenye ndoo ukipukutika wakati wa baridi, gusa udongo kabla hujagusa maji. Kisha subiri, hata wakikucheka. Kama ni mimi niliyeuponya au ni jua tu, sijui.

Sasa umeanza kutoa maua, na bado ni dhaifu. Niyaache au niyang'oe upate nguvu kwanza? Mama Furaha anasema ng'oa, mkono wangu unakataa. Wenye uzoefu, hasa mlio sehemu za baridi, karibuni mnisahihishe.