Pikapu Yangu Ilipopata Sauti ya Maua

Chekeni polepole, bado nina aibu. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani hapa Nkubu na kuku wangu, lakini juzi nilitazama video kwenye simu, nikang'oa bomba la plastiki linaloingiza hewa kwenye injini ya pikapu yangu, nikafunga bomba nene la chuma. Gari lililokuwa likikohoa likaanza kunguruma kama zile pikapu zinazokimbiza miraa ya kutafuna kutoka mji wa Maua hadi Nairobi.

"Baba Kendi, umefungia simba humo ndani?" mke wangu akauliza. "Usichelewe tu. Mama anangoja."

Mama mkwe anaishi karibu na Maua. Ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa na adui mkubwa wa miraa. Hajawahi kuniamini kwa jambo lolote, ila siku hiyo alikubali niwapeleke mkutanoni.

Nilipokaribia Maua, kila nikipunguza mwendo kwenye matuta, watu walitoka mashambani mbio. "Leo umewahi, dereva!" Nikajua wanasifu injini. Nikawapungia mkono kama gavana. Nyuma nilisikia vishindo, nikajiambia ni bomba linazoea kazi.

Nilipoingia kwa mama mkwe, akina mama walipiga vigelegele kwa ule mngurumo. Yeye akazunguka nyuma kupakia kiti chake. Kisha akainua furushi lililofungwa kwa majani ya mgomba, vijiti vya miraa vikichungulia, na chini yake kulikuwa na mengine tele.

"Baba Kendi," akasema, "hizi ni za sadaka?"