Vidonge vya Dada Mbula

Ipo siku moja, siku niliyogawa dawa ya dada yangu, naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Ya kwanza ni hasira juu yangu mwenyewe, mimi Kalunde binti Mihayo. Hasira juu ya wengine nitazitaja pia, maana majina yao sijayasahau.

Miaka ile ya ujamaa tulihamishiwa kijiji kipya, njia ya Ulyankulu, tukalima tumbaku na karanga kwa pamoja. Dada yangu Mbula, aliyenilea tangu mama afariki, aliwekwa ghalani. Kazi yake kuchambua karanga: nzima huku, zilizoota kuvu kule. Jioni alirudi na vumbi la kijani hadi kwenye kope. Zamani aliwahi kuugua kifua kikuu, akapona. Basi alipoanza tena kukohoa na kutema damu, mganga wa zahanati yetu hakuuliza wala hakupima. "Kimerudi hicho," akasema, akashika sindano.

Miezi sita, mwanangu! Mapaja yakawa magumu kama ubao, na damu inatoka vile vile. Majirani wakamtengea kikombe chake. Mtu anatibiwa ugonjwa asio nao, kisha anatengwa kwa ugonjwa huo huo asio nao! Nani wa kumlaumu? Lakini na mimi nilinyamaza miezi yote sita.

Nilipochoka kunyamaza nikampandisha lori la tumbaku hadi hospitali kubwa ya mjini. Maabarani tulimkuta Bi Zuwena, mama mmoja wa mtaa wa Kanyenye, mkali kuliko pilipili kichaa. Alichukua makohozi ya dada, akayaotesha kwenye visahani vya kioo, akatuambia turudi baada ya siku kadhaa. Tuliporudi akanisogezea kimoja. Kilikuwa kimejaa manyoya ya kijani.

"Haya, mkulima, unalijua hili?"

"Kuvu la karanga, Bi Zuwena. Lile lile la ghalani."

"Basi limo ndani ya dada yako. Kifua kikuu kiliondoka kikaacha shimo kwenye pafu, hili likaona nyumba tupu, likahamia."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale. Hiki kilikuwa ndani zaidi ya nguo. Akanionyesha kisahani cha pili, alichokitia dawa katikati. Kuvu lilikuwa limeikimbia ile dawa, limeacha duara jeupe. Daktari akaandika vidonge vya miezi mingi, na Bi Zuwena akanishika mkono: "Viwili kila siku mpaka sisi tuseme basi. Akipata nafuu, ameze. Akicheza ngoma, ameze."

Ndani ya mwezi damu ilikoma. Dada akaanza kutwanga mwenyewe, na kunitania kwamba ugali wangu ulikuwa unamrefushia ugonjwa. Habari zikaenea. Akaja Mzee Lugendo, balozi wetu wa nyumba kumi, naye anakohoa.

"Kalunde, nasikia unaficha dawa ya kifua. Kijiji kizima shamba moja, jembe moja, na wewe umekuwa bepari wa vidonge?"

"Shikamoo mzee. Ni vya mgonjwa, vimehesabiwa."

"Marahaba. Na mimi ni nani, mbuzi? Mgonjwa wako si anatwanga yule?"

Watu wakacheka. Neno bepari siku zile lilichoma kuliko tusi. Tena mimi ni mjukuu wa mpagazi. Babu alipita njia hii na pembe za ndovu begani hadi pwani, na alituusia kwamba mwenzako akilegea njiani, mzigo wake mnaugawana. Nikaona aibu, nikafungua kibuyu cha dawa. Nikampa Lugendo, nikampa Nyamizi mke wa Shija, nikampa Salumu mshona viatu, nikampa na jirani yetu Kulwa, wote wenye kikohozi. Wakanisifu mkutanoni, nami kichwa kikavimba. Dada aliyekuwa akimeza viwili akawa anameza kimoja, siku nyingine hakuna. Aliponiuliza, nikamdanganya: "Dada, wewe umeshapona."

Na hao niliowagawia? Hakuna aliyepona hata mmoja, maana hawakuwa na kuvu! Salumu alikuwa na kifua kikuu chenyewe, akachelewa kupimwa kwa kuvitumainia vidonge vyangu.

Damu ya dada ikarudi. Nikamrudisha mjini. Bi Zuwena akaotesha tena, akatia dawa ile ile, na siku ya kutazama sikuona duara. Kuvu lilikuwa limeifunika dawa, limelala juu yake kama kwenye mkeka.

"Limeizoea," akasema. "Mlimpa nusu nusu?"

Nikaeleza habari ya babu na wapagazi. Alinitazama hadi nikainamisha macho. "Mzigo hugawanywa, mwanamke. Dozi haigawanywi. Umempiga nyoka mkiani, sasa anaijua fimbo yako. Na sisi fimbo nyingine hatuna."

Dada alikuwa amekaa benchini, amesikia yote. Tukapanda lori la kurudi. Tulipokaribia kijijini ndipo akaniuliza, taratibu: "Mdogo wangu, uligawa dawa, au ulinigawa mimi?"

Tulimzika kabla ya mavuno. Lugendo alikuja matangani, akala, wala hakuniangalia.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, nami wajukuu ninao, na juzi nimemkuta mmoja anakohoa huku anameza vidonge vinne alivyoombaomba kwa rafiki! Nimefoka mpaka sauti imenikauka. Nisikilize. Kikohozi hakitambuliwi kwa macho wala kwa historia ya mtu. Dai makohozi yapimwe. Ukitibiwa kifua kikuu na hupati nafuu, uliza: je, si kuvu? Usione haya kuuliza. Mimi niliona haya miezi sita. Ukichambua nafaka iliyovunda, jifunge kitambaa puani. Na dawa uliyoandikiwa imalize, iwe imekuchosha, iwe umeshapona. Atakayekuomba kidonge, mshike mkono umpeleke akapimwe. Huo ndio ujamaa. Akikuita bepari, mwambie Kalunde binti Mihayo aliitwa hivyo akaogopa, na kaburi la woga wake liko njia ya Ulyankulu.

Mungu akupe pafu safi na ulimi usioona haya, na akujalie uzee wa kuwafokea wajukuu zako.